Dakika ya Kimya

Abdulmalik hakulia alipobanwa kwa maswali. Alilia alipoulizwa habari za vidonge.

"Unajua kwamba anameza dawa?" aliuliza Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Salha Chande.

"Najua. Za kifafa. Kimoja asubuhi, kimoja jioni." Kijana akajifuta macho kwa mkono wa fulana. "Alamu ameitega kwenye simu yangu mimi, kwa sababu simu yake inaisha chaji kila saa. Leo asubuhi imelia tena, afande. Simu si mnayo nyinyi? Hamkuisikia?"

Salha alikuwa ameisikia. Saa moja kamili simu ya mtuhumiwa ililia ndani ya bahasha ya vielelezo, na askari wa zamu wakacheka. Yeye hakucheka. Leo ilikuwa Jumatano. Aneth Eliufoo, mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka chuo kimoja cha Dar es Salaam, hakuonekana tangu Jumamosi mchana, na kopo la vidonge vyake lilibaki juu ya kabati nyumbani kwa mama yake, huko milimani. Daktari alimweleza Salha kwa maneno machache: siku mbili bila dawa ni hatari, siku nne ni bahati, na siku ya tano asimuulize yeye.

Tuseme ukweli, Salha Chande alikuwa mwoga. Pale kituoni mjini Same walilijua hilo na walimtania kwalo. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa barabara za mlimani zisizo na ukingo. Lakini zaidi ya vyote aliogopa kesi ambazo mtu bado yu hai. Maiti haina haraka. Maiti inakungoja upekue, uandike, unywe chai. Mtu aliye hai mahali usipopajua anakufa kila unapokaa kitini.

"Ulimshusha wapi?"

"Njia panda ya Mrindoko, saa sita mchana. Akanirudishia kofia ya pikipiki."

"Akaenda kwa nani?"

"Hakunitajia jina. Alisema, 'Nakwenda kumuuliza mtu kama mashine inaota au haioti.' Nikacheka, nikajua ni mambo yao ya kompyuta." Abdulmalik akainamisha kichwa. "Nimempigia mara tisa baada ya hapo. Nyinyi mnasema nilipiga ili nijisafishe. Mimi nilikuwa namkumbusha kidonge cha jioni."

Pembeni mwa maelezo hayo, mkuu wa upelelezi alikuwa ameandika kwa wino mweusi neno moja: UONGO. Kijana wa bodaboda kutoka Ndungu, Mwislamu, anayempenda kwa siri binti wa Kilutheri wa milimani, ndiye wa mwisho kuonekana naye. Mkuu aliona kazi imekwisha, bado kumfikisha mahakamani. Salha alisoma tena ile sentensi ya mashine inayoota. Mwongo anatunga kitu kinachoaminika. Nani atatunga hili?

Alifunga jalada, akamwita Koplo Shedrack alete gari.

*

Walipanda mlima ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye magurudumu. Salha alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kusoma dua zote alizofundishwa na bibi yake, na Shedrack, ambaye ni Mpare wa kuzaliwa na anayeendesha mlimani kana kwamba yuko sebuleni kwao, alipiga mluzi njia nzima.

Mama Agnes, mama yake Aneth, aliwapokea barazani kwake Mrindoko. Alikuwa mama mfupi mwenye macho yaliyoanza kuingia mtoto wa jicho, na mikono yake haikutulia. Ilishika kanga, ikaachia, ikashika tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmempata?"

"Bado, mama."

"Basi kaeni," alisema, akawatangulia ndani.

Ndani kulikuwa na kijana aitwaye Joel, mwanafunzi mwenzake Aneth, aliyefika Jumatatu kutoka Dar baada ya kuona simu haipatikani. Alikuwa na kompyuta mbili, waya chungu nzima na macho ya mtu asiyelala. Salha alianza na lile jambo dogo lililokuwa likimwasha tangu jana.

"Mama, Jumapili ulipata ujumbe kwenye simu. Kwamba mwanao amerudi chuoni, usimtafute."

"Nilisomewa na jirani. Mimi maandishi ya simu siyaoni. Aneth anajua. Ananitumia sauti, siku zote, hata kama ni kuniambia nimfungie kuku."

"Kwa hiyo aliyeandika si yeye."

"Ndiyo ninayowaambia wenzako tangu Jumapili," alisema Mama Agnes. "Wananijibu eti vijana hubadilika."

Salha aliandika. Kisha akamgeukia Joel. "Sasa nieleze mimi, mtoto wa muuza kanga wa sokoni. Aneth alikuwa anasoma nini hasa?"

"Isimu kompyuta, afande. Tunaifundisha kompyuta kusikia lugha na kuiandika. Kwa Kiingereza ilishafundishwa zamani. Kwa Chasu, yaani Kipare, hakuna aliyejali, maandishi yenyewe ni ya kuokoteza: Biblia, nyimbo, basi. Aneth akasema atakusanya sauti mwenyewe." Alipoanza kuisema kazi, woga wake ulipungua kidogo. "Kila mzungumzaji ana namba. Anaanza kwa kusema, 'Mimi ni msemaji wa tano,' au wa kumi, ndipo anasimulia. Aneth mwenyewe ni msemaji wa kwanza, maana alijaribia mitambo kwa sauti yake. Mama hapa ni wa pili. Na kabla mtu hajasema lolote, tunarekodi dakika moja ya kimya."

"Ya kazi gani?"

"Ili mashine ijue mahali penyewe palivyo. Upepo, kuku, bati. Hakuna anayeisikiliza ile dakika. Ni ya mashine tu."

"Na inaota lini?"

Joel alishtuka. "Nani amekwambia hayo?"

"Jibu kwanza."

"Ni ugonjwa unaojulikana. Ukiipa mashine kimya, wakati mwingine inaandika maneno. Hakuna mtu aliyesema kitu, yenyewe inaandika. Tunasema inaota. Tunayafuta, tunaendelea na kazi."

Salha alihisi vinyweleo vimemsimama. Alikulia katika nyumba ambamo kitu kinachosema bila mdomo husomewa Ayatul Kursiy, hakifutwi tu mtu akaendelea na kazi. Lakini hakusema hivyo. Aliomba kuona hizo ndoto.

Zilikuwa zimebandikwa ukutani, karatasi tatu zilizochapwa, zenye kichwa kilichoandikwa kwa mkono wa Aneth: *Orodha ya ndoto*. Kila mstari na namba yake. Mingi ilichekesha. Mashine ilikuwa imelishwa mahubiri mengi mno, hivyo katika kimya cha zizi la mbuzi ilisikia *Bwana asifiwe*, na katika kimya cha jikoni ikasikia *tusimame tuombe*. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika *hakuna sauti*, *hakuna sauti*, mstari baada ya mstari.

Salha alisoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na saba. Kumi na nane. Ishirini.

"Ya kumi na tisa iko wapi?"

Joel akasogea. Karatasi ilikuwa imekatwa kwa wembe, ukanda mwembamba umetolewa, na vipande viwili vikaunganishwa kwa nyuma kwa gundi ya karatasi. Kazi safi, ya mtu mvumilivu. Kwa mbali usingeiona.

"Nani ameandika kwa nyekundu?"

"Msahihishaji wetu. Ndiyo utaratibu: ndoto zote zinapelekwa kwa mtu wa pili, mzawa wa lugha, anasikiliza na kuthibitisha kwamba kweli hakuna sauti. Aneth alimpelekea orodha Jumatatu ya wiki iliyopita, akairudisha Alhamisi."

"Mtu mwenyewe nani?"

"Mwalimu Hezroni. Mwalimu mstaafu. Ndiye pia msemaji wa kumi na saba."

"Mzee wa kanisa," aliongeza Mama Agnes. "Na sasa mwenyekiti wa ndiva."

Salha aliliandika jina. Nje, chini ya baraza, maji yalikuwa yakikimbia kwa kishindo, na ilibidi apaze sauti kidogo alipouliza tena. "Huo mstari uliokatwa, mnao mahali pengine?"

Joel alikaa kitini taratibu. "Niliufuta mimi," alisema. "Nilizifuta zote kutoka kwenye matokeo mwezi uliopita. Niliona ni takataka. Aneth akaniambia, Joel, tusifute kabla hazijarudi kutoka kwa msahihishaji, nami nikamwambia asipoteze muda." Akaivuta kompyuta karibu. "Lakini rekodi zenyewe zipo. Naweza kuirudishia mashine."

"Rudisha."

Mstari wa kumi na nane ulitoka rekodi ya mia mbili na kumi na mbili; wa ishirini, rekodi ya mia mbili na thelathini. Kati ya hizo kulikuwa na dakika kumi na saba za kimya. Joel alizilisha mashine moja baada ya nyingine, na watu wanne wakakaa wakiangalia kioo kitupu. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Salha alianza kuona ujinga wa jambo lenyewe, msichana anapotea na polisi wanatazama mashine ikisikiliza upepo. Rekodi ya mia mbili na ishirini na moja ilipopita, kioo kikaandika.

Yalikuwa maneno ya Chasu, manne au matano, bila nukta wala mkato. Salha alijua Kipare cha sokoni tu. Shedrack aliinama, akasoma kimoyomoyo, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Sema, Koplo."

"Inasema: Mwalimu, nipe mkono. Mwalimu, nipe."

Tarehe iliyokuwa juu ya rekodi ilikuwa kumi na tisa Agosti, saa mbili asubuhi. Msemaji wa pili. Hapo hapo barazani.

"Tarehe kumi na tisa," alisema Mama Agnes polepole. "Hiyo ni siku aliyokufa Vitus."

Vitus, alieleza, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ndiva. Na ndiva ndiyo maisha ya Mrindoko: bwawa la mawe na udongo walilochimba mababu juu ya kitongoji, linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila shamba na zamu yake. Mwenye funguo za ndiva ana funguo za mihogo, maharage na tangawizi za watu wote. Vitus alikutwa asubuhi ile akielea. Watu wakasema aliteleza kwenye matope, na kweli, kingo zilikuwa na utelezi. Mwalimu Hezroni alishika nafasi yake. Siku ya mazishi alilia kuliko watu wote, akasema laiti asingekuwa mjini Same kwa daktari wa meno siku ile.

"Ongeza sauti," Salha alimwambia Joel. "Iongeze mpaka mwisho. Mama, utavaa hivi masikioni."

Mama Agnes alivaa. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Katikati ya dakika ile mikono yake iliyokuwa haitulii ikatulia.

"Ni Vitus," alisema. "Yuko mbali, lakini ni yeye. Nimeimba naye kwaya miaka ishirini. Na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, nimenyamaza kwa sababu mwanangu aliniambia ninyamaze." Akavua vile vyombo na kuviweka magotini. "Mungu wangu. Masikio yangu hayakushika kitu."

"Walimu wako wengi, afande," Shedrack alisema kwa sauti ya chini. "Wakili atasema hivyo."

"Wako wengi. Aliyekata karatasi ni mmoja."

Sasa aliona mambo yalivyokwenda. Aneth hakujua kitu. Alipeleka orodha kwa msahihishaji kama taratibu za kazi zinavyotaka, akampelekea mtu ushahidi wake mwenyewe na kumwomba aupige tiki. Orodha ikarudi ina pengo. Msichana aliyezoea kuhesabu sentensi akaliona, akatafuta rekodi, akaongeza sauti. Lakini hakwenda polisi. Alilelewa kumheshimu mwalimu wake, tena alifundishwa kwamba mashine huota. Akaona ni haki kumuuliza kwanza.

"Mama," alisema, "huo ni mto unaopiga kelele hivyo?"

"Mto gani? Ni mfereji wa ndiva. Zamu yangu ni Jumatatu tu, lakini maji yanapita siku ya nne leo, usiku na mchana, na hizi mvua za vuli zinanyesha. Maharage yangu yameoza. Watu wananung'unika, ila nani atamsema Mwalimu? Kufuli analo yeye."

"Tangu Jumamosi?"

"Tangu Jumamosi jioni."

Mtu aliyegombania maji mpaka mwenzake akafa, sasa anayamwaga bure. Salha alitoka barazani, akasimama kwenye ukungu. "Mfereji unapita wapi?"

Shedrack alinyoosha mkono kuelekea chini. Ulipita ukutani kwa Mwalimu Hezroni, ukashuka hadi kwenye mabanda yake matatu bondeni, ukapotelea mashambani. Katika njia yote hiyo mtu angeweza kupiga kelele mpaka koo likauke, na jirani asingesikia kitu isipokuwa maji.

Alipanda juu ya jiwe penye mtandao, akampigia mkuu wake. Aliomba hati ya upekuzi na askari sita.

"Unataka kupekua nyumba ya mzee wa kanisa," mkuu aliuliza, "kwa ndoto ya mashine?"

"Kwa mstari uliokatwa kwa wembe, afande, na maji ya siku nne."

"Salha, kijana yuko ndani tayari. Shuka."

Simu ikakatika. Huenda ni mtandao. Salha alibaki amesimama, akafikiria nyumba moja na mabanda matatu na askari mmoja. Akianza na banda lisilo lenyewe, mtu yule atajua. Hakumsukuma Vitus, huenda. Alisimama tu akamwangalia, akaacha maji yamfanyie kazi. Na Aneth pia hakumgusa. Amefunga mlango, anangoja. Mtu wa namna hiyo humpi nafasi ya kungoja zaidi.

"Shedrack, bila kufuli, ndiva inazibwaje?"

"Kama babu zetu walivyoziba. Gogo la mgomba, majani na udongo wa mfinyanzi. Nusu saa."

"Nenda. Nataka mfereji unyamaze saa tano kamili."

*

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni, karibuni. Joel, mwanangu, bado hujapata habari?" Mwalimu Hezroni alikuwa mzee mrefu, nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu nyekundu mfukoni. Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya zamani iliyojengwa mtelemkoni: juu sakafu ya mbao, chini ghala la mawe la kuwekea tangawizi. Maji ya mfereji yaligonga ukuta wa nyuma kwa nguvu, hata walisalimiana kwa kupaza sauti.

"Habari si nzuri," Salha alisema. "Kijana wa bodaboda atafikishwa mahakamani kesho. Nimekuja kufunga maelezo tu. Na Joel ana ombi."

Joel alilisema kama walivyopanga, akitazama viatu vyake. Chuo kilitaka rekodi moja ya mwisho ya msemaji wa kumi na saba ili kazi ya Aneth isipotee.

Mwalimu aliguswa. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na nane haombwi mara mbili asikilizwe. Alivuta kiti mwenyewe, akamiminia wageni chai ya tangawizi. Salha alishika kikombe, akakirudisha mezani. Aliiogopa ile chai, na hakujali kama ni adabu au si adabu.

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika mbili. Maji yaliunguruma.

"Tuanze," alisema Mwalimu.

"Waya, Mwalimu," Joel akajibu. "Waya mmoja haushiki vizuri."

Saa tano kamili. Maji yaliunguruma vilevile. Joel alichomoa waya, akauchomeka, akauchomoa. Salha aliona jasho likimtiririka shingoni na akajua la kwake linamtiririka pia. Ikiwa gogo limesombwa? Ikiwa Shedrack ameteleza kwenye zile kingo? Saa tano na dakika mbili. Tatu. Mwalimu alimtazama Joel, kisha akamtazama Salha, mara hii muda mrefu zaidi.

"Polisi anafunga maelezo," alisema, "na hana hata karatasi."

"Nina kumbukumbu nzuri, Mwalimu."

Alifungua mdomo kuuliza jingine. Ndipo ngurumo ya maji ikashuka. Kwanza kidogo, kama mvua inayohama bati, kisha ikawa mchirizi, kisha matone. Mwalimu Hezroni aligeuza kichwa dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku nne kwa nyumba ile kusikika ilivyo: mbao zikilia, saa ikigonga.

Salha alimkanyaga Joel mguu.

"Dakika ya kimya," Joel alisema kwa sauti kubwa, kama anayehutubia mkutano wa hadhara, "inaanza sasa!"

Mwalimu aliinua mkono kana kwamba anataka kusema kitu. Salha aliweka kidole mdomoni. Mkono ukabaki hewani, ukashuka. Ni yeye aliyekuwa akimsaidia Aneth kurekodi, akiwakemea watu wa Mrindoko mwezi baada ya mwezi, akifukuza kuku na kuwatoa nje wenye watoto wachanga, kila dakika ile ilipofika. Kuivunja sasa, mbele ya polisi, kungekuwa kusema kitu. Akakaa.

Kompyuta ilikuwa imeelekezwa kwa Salha. Kioo kitupu.

Sekunde kumi. Ishirini. Mwalimu alikohoa. Akasogeza kiti, mguu wa kiti ukakwaruza mbao. Kioo kitupu. Salha aliwaza kwamba Aneth yuko bandani, nao wameziba mfereji bure, au yuko hapa na hawezi tena kusema. Wazo hilo la pili lilimfanya ashike ukingo wa meza.

Sekunde ya thelathini na tano, mashine ikaandika: *Bwana asifiwe*.

Karibu apige kelele. Joel alitikisa kichwa polepole: inaota.

Arobaini. Mwalimu alikuwa ameanza kupumua kwa mdomo. Arobaini na tano. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini wahenga hawakukaa katika chumba kile. Salha alisikiliza mpaka masikio yakamuuma, na hakusikia kitu, kitu chochote, isipokuwa saa ya ukutani na moyo wake.

Sekunde ya hamsini na moja, herufi zikaanza kutoka. Zilitoka kidogo kidogo, kama za mtu anayeandika kwa taabu. Maneno ya Chasu. Mwanzo wake ulikuwa ule ule aliousoma asubuhi nzima juu ya kila rekodi, na hata yeye, mtoto wa tambarare, aliuelewa.

*Mimi ni msemaji wa kwanza.*

Na baada ya pumzi moja: *niko chini ya mbao*.

Joel alitoa sauti ndogo kooni. Salha hakuinuka. Aliigeuza kompyuta taratibu, kioo kikamtazama Mwalimu Hezroni, na kwa mkono mwingine, chini ya meza, akafungua kifungo cha ala ya bastola yake, ambayo hajawahi kuielekeza kwa mtu.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilitetemeka, hakuificha. "Msahihishaji ni wewe. Hebu tuambie. Mashine inaota, au haioti?"

Mzee alisoma. Alisoma kama alivyosoma madaftari miaka thelathini na nane, midomo ikicheza, na mkono wake ukaenda kwenye kalamu nyekundu mfukoni, ukaigusa, ukaiacha. Kisha ukashuka kwenye mfuko wa suruali. Salha akaacha kupumua. Mkono ulitoka na ufunguo.

"Haioti," alisema Mwalimu Hezroni, na akauweka ufunguo mezani, kando ya kikombe cha chai ambacho Salha hakukigusa.

Joel alikuwa ameshafika mlangoni. Salha aliuokota ufunguo, akautupa kwake, na kutoka kwenye mkoba akamtupia kopo la vidonge alilolichukua kwa Mama Agnes. Ilikuwa saa tano na dakika tano.